Kompyuta ya gemu: ninunue iliyo tayari au niunde mwenyewe?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimejiwekea akiba karibu miaka miwili ili ninunue kompyuta ya kuchezea gemu, na hiyohiyo ndiyo nitakayotumia kwa masomo ya chuo, sina nyingine. Skrini ninayo, ya 1080p yenye 144Hz (hubadili picha mara 144 kwa sekunde). Ninacheza zaidi gemu za mpira na za kurushiana risasi mtandaoni, na ningependa kuonja zile kubwa za hadithi. Binamu yangu anasema kununua iliyo tayari ni kutupa hela, niagize vipuri niunde mwenyewe. Dada yangu anasema nitaunguza kitu nijute. Sijawahi kufungua kompyuta maishani. Nimeona moja inauzwa, tangazo linasema: "Intel Core i7, RAM 16GB, kadi ya RTX 3050, SSD 512GB, pawa saplai 500W, taa za RGB." Niichukue, au nimsikilize binamu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Jibu kwanza, maelezo yatafuata. Hiyo ya kwenye tangazo iache. Binamu yako ana hoja, lakini kwa hali uliyonieleza usimfuate bado. Mtu mwenye kompyuta moja tu ya masomo na gemu, ambaye hajawahi kushika bisibisi mbele ya bodi mama (ile bodi kubwa inayounganisha vipuri vyote), namwelekeza anunue iliyo tayari. Sharti langu ni moja: muuzaji amtajie kila kipuri kilichomo, jina la kampuni na namba ya modeli. Akivitaja vyote, hoja ya binamu inapungua nguvu nusu nzima. Asipovitaja unauziwa mbuzi kwenye gunia, na hilo lako ni gunia lenye taa za rangi.

Tulifungue basi hilo gunia, maana ukijua kulisoma tangazo moja utayasoma yote.

"Intel Core i7" ni jina la ukoo, halikuambii ni nani hasa kaja. Intel walianza kulitumia mwaka 2008 na wamelibandika kwenye vizazi zaidi ya kumi vya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Kinachosema ukweli ni tarakimu zinazofuata. Core i7-4770 ilitoka mwaka 2013 ikiwa na viini vinne, yaani sehemu nne za kufanyia hesabu. Core i3-12100 ya mwaka 2022 nayo ina viini vinne, na inaiacha ile i7 mbali kwenye gemu, ingawa kwa jina i3 ndiye mdogo. Muuzaji anayeandika "i7" tupu mara nyingi amezikata tarakimu kwa makusudi, kwa sababu zingemsaliti. Na kwa mtu wa chuo kuna shida ya pili: prosesa ya umri wa i7-4770 haimo kwenye orodha ya zile ambazo Microsoft wanaziruhusu kwa Windows 11, nayo Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Unaweza kununua mashine "mpya" ambayo kasha lake tu ndilo jipya.

Tuje kwenye kadi ya grafiki, ambayo ndiyo moyo wa kompyuta ya gemu. RTX 3050 ziko mbili sokoni. Ya kwanza ilitoka mwanzoni mwa 2022, ina kumbukumbu ya 8GB na viini 2,560. Ya pili ilitoka mwanzoni mwa 2024, ina 6GB na viini 2,304, na njia yake ya kumbukumbu ni nyembamba zaidi. Mtu anayesikia "6GB badala ya 8GB" anadhani kilichopungua ni kumbukumbu tu, kumbe kadi yenyewe ni dhaifu zaidi. Si mara ya kwanza: GTX 1060 ya mwaka 2016 nayo iliuzwa ya 6GB na ya 3GB, na ile ya 3GB ilikatwa viini pia, kutoka 1,280 hadi 1,152, chini ya jina lilelile. Siku hizi RTX 5060 Ti inatoka ya 8GB na ya 16GB. Hapo angalau viini ni sawa, tofauti ni kumbukumbu peke yake.

Na kumbukumbu hiyo si ya kudharau. Gemu hupakia humo picha za kuta, nguo, nyasi, kila unachokiona. Ikijaa, kadi inaanza kuazima nafasi kwenye RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta yenyewe, kupitia njia iliyo ya polepole mara nyingi zaidi, na wewe unaona gemu inakwama, inaruka, inakwama tena, hata kama kipimo cha fremu (picha kwa sekunde) kinaonyesha namba nzuri. Kwa mpira na risasi za mtandaoni kwenye 1080p, 8GB zinakutosha. Kwa zile kubwa za hadithi ulizotaja, zinazotoka miaka hii, 8GB zitakulazimisha ushushe baadhi ya mipangilio mapema, na 16GB zitakupa pumzi ya miaka. Kama akiba yako inabana, hapa ndipo ningeongeza hela, na hela hiyo ningeitoa kwenye prosesa.

"RAM 16GB": kijiti kimoja au viwili? Hili ni swali dogo linalowakosesha wauzaji raha. Bodi nyingi za kawaida zina njia mbili za kuzungumza na RAM, na kijiti kimoja kinaiacha njia moja imelala. Vijiti viwili vya 8GB vinafanya kazi vizuri zaidi kuliko kimoja cha 16GB, hasa kwenye gemu zinazotegemea sana prosesa kama hizo zako za risasi. Waunganishaji wengi huweka kimoja kwa sababu ni nafuu, halafu wanaandika namba ileile kwenye tangazo. Uliza pia kama ni DDR4 au DDR5, vizazi viwili vya RAM, kwa kuwa hazibadilishani: mkato wa kijiti uko mahali tofauti na hakiingii hata ukilazimisha.

Sasa pawa saplai, kifaa kinachogawia vipuri umeme, na hapa nitakaa, maana ndipo wengi wanapoibiwa kimyakimya. "500W" bila jina la kampuni ni ahadi isiyo na mdhamini. Kadi ya grafiki na prosesa zote mbili hula umeme wa volti 12, kwa hiyo swali la maana ni pawa saplai hiyo inatoa kiasi gani kwenye volti 12 peke yake. Jibu liko kwenye stika iliyo ubavuni mwake: tafuta safu iliyoandikwa +12V, soma ampia, zidisha kwa 12. Ikisema ampia 38, unapata wati 456, na hiyo ni pawa saplai ya 500W inayosema kweli. Nimeshaona zenye stika ya 500W ambazo hesabu yake haifiki wati 300. Zilizobaki zimerundikwa kwenye volti 5 na 3.3, ambako kompyuta ya leo haina kazi kubwa nazo.

Watu watakuambia uangalie alama ya 80 Plus. Iangalie, lakini ujue inapima nini. Inapima ni sehemu gani ya umeme wa ukutani inayofika kwenye vipuri bila kupotea kama joto: ya Bronze, kwenye kipimo cha umeme wa volti 115, inafikisha asilimia 85 ikiwa katika nusu ya mzigo, ya Gold asilimia 90. Haikuambii kama ina ulinzi wa kujizima mambo yakiharibika. Pawa saplai ya hovyo ikifa, huenda isife peke yake. Nzuri hupewa waranti ya miaka 5, 7, hata 10, na mimi huisoma hiyo waranti kabla ya rangi ya medali, kwa sababu kampuni haitoi miaka kumi kwa kitu isichokiamini.

SSD, yaani diski ya kuhifadhia, ya 512GB itakutosha kuanzia kisha itajaa, maana gemu moja kubwa siku hizi inavuka 100GB. Kuongeza nyingine baadaye ni kazi ya dakika kumi. Taa sina neno nazo.

Lakini umeona kitu ambacho tangazo halikukitaja kabisa? Bodi mama. Ndiyo inayoamua kama mashine hiyo utaweza kuikuza au itakufia mikononi. Mwaka 1995 Intel walitoa kipimo kinachoitwa ATX, kinachosema matundu ya skrubu yakae wapi na plagi za umeme ziweje, na kwa sababu hiyo vipuri vya kampuni hamsini vinaingiliana hadi leo. Baadhi ya makampuni makubwa yanayouza kompyuta zilizo tayari hayafuati kipimo hicho: bodi ina umbo lake, pawa saplai ina plagi yake, hata kitufe cha kuwashia kina waya wa kipekee. Ikifa pawa saplai yake baada ya waranti, huendi kununua nyingine yoyote. Unaitafuta hiyohiyo, au unatupa na bodi na kasha. Nikiulizwa ni jambo gani moja linanifanya nikatae kompyuta iliyo tayari hata ikiwa na bei ya kutamanisha, ni hili.

Jambo jingine kwenye bodi ni soketi, yaani kikalio cha prosesa. AMD walianza kuuza Ryzen kwenye soketi ya AM4 mwaka 2017, na baadhi ya bodi za mwaka huohuo zilikuja kupokea Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022 baada ya kusasishwa BIOS tu, ile programu ya bodi inayoiwasha kompyuta. Mtu alibadilisha prosesa, akabaki na kila kitu kingine. Soketi yao ya sasa, AM5, ilianza 2022. Intel kwa kawaida hubadilisha haraka zaidi: LGA1700 ya mwaka 2021 ilipisha LGA1851 mwaka 2024. Simaanishi Intel ni mbaya. Wengi hukaa na prosesa moja mpaka kompyuta inazeeka yote. Ila ukipanga kukuza kidogokidogo, soketi ni swali la kwanza.

Sasa hoja ya binamu: kwamba iliyo tayari ni kutupa hela. Hili lilikuwa kweli kwa miaka mingi na huenda likawa kweli tena, lakini si sheria, linategemea tarehe. Kati ya mwisho wa 2020 na 2022 kadi za grafiki zilikuwa adimu kupita kiasi. Viwanda vilizidiwa wakati wa korona, na wachimbaji wa sarafu za kidijitali, hasa Ethereum, wakazikomba kwa makatoni. Wakati huo njia ya akili ya kupata kadi ilikuwa kununua kompyuta nzima, maana waunganishaji wakubwa walikuwa na mikataba ya kuletewa kadi na wewe huna. Wapo walionunua kompyuta, wakachomoa kadi, wakauza mabaki. Ethereum iliacha uchimbaji Septemba 2022 na hali ikalegea. Kisha mwishoni mwa 2025 zamu ikawa ya RAM: vituo vya data vya akili bandia vilianza kumeza kumbukumbu kiasi kwamba bei ya vijiti vya kawaida ilipanda kupita mara mbili ndani ya miezi michache, na Desemba mwaka huo Micron wakatangaza kuachana na biashara yao ya Crucial kwa wateja wa kawaida. Muunganishaji aliyejaza ghala kabla ya hapo aliweza kuuza kompyuta nzima kwa bei ambayo wewe usingeifikia ukinunua kipuri kimoja kimoja.

Kwa hiyo usibishane na binamu kwa maneno, bishaneni kwa karatasi. Chukua kompyuta moja iliyo tayari ambayo vipuri vyake vyote vimetajwa. Andika bei ya siku ya kila kipuri kilekile, au cha ubora uleule kama hichohicho hakipo: prosesa na kipoza joto chake, bodi, RAM, kadi, SSD, pawa saplai, kasha na feni. Ongeza usafirishaji na ushuru kama vipo. Halafu weka kitu ambacho kina binamu wote duniani hukisahau, leseni ya Windows. Jumlisha, linganisha. Tofauti ikiwa chini ya sehemu moja ya kumi, mimi nachukua iliyo tayari bila kujiuliza mara mbili. Ikifika sehemu moja ya tano, naanza kutafuta bisibisi. Katikati hapo inategemea wewe ni mtu wa namna gani, na hilo ndilo tunalofuata.

Kuunda kompyuta si kazi ngumu. Dada yako amekutisha bure kwa upande huo. Plagi karibu zote zina umbo linalokataa kuingia vibaya, hakuna kuchomelea, na bisibisi moja ya nyota inatosha. Anayeunda mara ya kwanza achukue siku nzima isiyo na haraka. Sehemu inayotaka mkono mtulivu ni kuweka prosesa, kwa sababu kwenye soketi za sasa vipini vidogo viko kwenye bodi yenyewe, 1,718 kwenye AM5, na kidole kikiteleza vikapinda, waranti haitakusikiliza. Unaishusha prosesa wima, pembetatu ya dhahabu ikiangalia pembetatu ya soketi, unaiachia ikae kwa uzito wake, unafunga mkono wa chuma. Utasikia mlio wa kukwaruza kidogo wakati wa kufunga. Ni wa kawaida, ingawa mara ya kwanza utakutoa jasho.

Ugumu wa kuunda unaanza baada ya skrubu ya mwisho, pale unapobonyeza kitufe na kompyuta haiwaki.

Nitakusimulia mbili zangu. Ya kwanza: nilimaliza kuunda mashine ya DDR5, nikabonyeza, feni zikazunguka, skrini nyeusi. Nikasubiri dakika moja, nikazima. Nikachomoa RAM, nikairudisha, nikawasha, nyeusi, nikazima. Nilirudia hivyo jioni nzima. Kosa langu lilikuwa huko kuzima. Bodi za DDR5, hasa za AM5, zikiwashwa mara ya kwanza hujifunza RAM iliyowekwa, na masomo hayo yanaweza kuchukua dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi tii. Kila nilipozima nilikuwa namrudisha mwanafunzi darasa la kwanza. Ningekaa mbali nayo kidogo ningeikuta imewaka.

Ya pili ilinigharimu. Nilibadilisha pawa saplai, ile ya aina ambayo kebo zake zinachomolewa, nikaona uvivu kuzitoa kebo za zamani nyuma ya kasha. Plagi ziliingia vizuri kwenye pawa saplai mpya. Nilipowasha, diski mbili zilikufa papo hapo. Upande wa diski plagi zina kipimo kimoja duniani kote, lakini upande wa pawa saplai kila kampuni hupanga waya zake inavyotaka, hata modeli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana. Hakuna maandishi yaliyonionya na hakuna wa kulaumu ila mimi.

Hicho ndicho unachonunua unaponunua iliyo tayari: mtu mwingine wa kuhangaika. Ukiunda mwenyewe, kila kipuri kina waranti yake, na kwa hesabu ni ndefu kuliko ya mashine nzima. RAM nyingi hupewa ya maisha. Lakini kila kampuni itakuuliza kama una hakika tatizo ni kipuri chake. Kompyuta inazima ghafla katikati ya gemu: ni pawa saplai, kadi, RAM, au joto? Bila kipuri cha akiba cha kujaribia unakisia, na unaweza kurudisha kadi nzima kabisa ukakaa wiki tatu bila mashine, kisha ikarudi na barua inayosema haina kasoro. Mwenye iliyo tayari anasema tu "inazima", anarudisha lote. Naye ana lake la kukasirikia: akaunti na kazi zake zote zinasafiri na mashine, kwa hiyo nakala za kazi za chuo ziwe mahali pengine siku zote.

Ndiyo maana nilikuuliza moyoni, kabla ya kukujibu, kama binamu huyo anakaa karibu. Binamu wa kukaa nawe siku nzima, mwenye kompyuta yake ambayo mnaweza kuazima kijiti cha RAM au pawa saplai kwa kujaribia, ana thamani kuliko waranti yoyote. Binamu wa kwenye simu anayesema "ni rahisi, tazama video" hana msaada wowote siku mashine inapokataa kuwaka ukiwa na kazi ya kuwasilisha kesho yake. Kama ni wa aina ya kwanza na hesabu ya karatasi inaonyesha unaokoa cha maana, nimebadili jibu langu: undeni.

Ipo pia njia ya katikati ambayo watu hawaifikirii. Mafundi na maduka mengi ya vipuri hukubali uchague kila kipuri mwenyewe, wao waunganishe, wajaribu, na wakupe waranti ya kazi yao kwa malipo ya ziada yasiyo makubwa. Unapata vipuri vya kawaida vyenye majina, na siku haiwaki unarudi kwa mtu mmoja. Kama ingekuwa mimi ndiye wewe, ningeanza kuulizia hapo. Kwa mwenye akiba ndogo zaidi yako, kuna kununua kompyuta ya ofisini iliyotumika na kuichomekea kadi isiyohitaji kebo ya umeme, maana tundu la kadi lenyewe hutoa hadi wati 75. Ile RTX 3050 ya 6GB niliyoisema vibaya hapo juu inakula wati 70 tu, na hapo ndipo inapopata heshima yake. Angalia tu urefu wa kadi na upana wa kasha, pamoja na ile habari ya Windows 11.

Rudi kwa muuzaji wako basi na umwandikie hivi: "Naomba namba kamili ya prosesa, modeli ya bodi mama, kadi ya kampuni gani na ina GB ngapi, RAM ni vijiti vingapi na vya kasi gani, na picha ya stika ya pawa saplai." Muuzaji mwaminifu anajibu kwa dakika tano, kwa sababu anayo kwenye karatasi. Akikujibu "ni original usiwe na wasiwasi", umeshapata jibu. Uliza pia siku ngapi za kurudisha bila maelezo, na kama kufungua kasha kunafuta waranti. Anayesema kunafuta, mwache, maana utahitaji kufungua walau kupuliza vumbi.

Ikifika, usiiwashe kwanza. Fungua ubavu. Baadhi hujazwa povu au mifuko ya hewa ndani ili kadi isitikisike njiani, na wapo waliowasha nayo. Kadi kubwa ni nzito, na katoni lililoangushwa linaweza kuichomoa nusu kwenye tundu lake au kulipasua tundu lenyewe, kwa hiyo ibonyeze taratibu uone kama imekaa, na piga picha ya kila kitu kabla ya kugusa zaidi. Kebo ya skrini ichomeke kwenye kadi, chini, wala si kwenye matundu ya bodi yaliyo juu. Ukikosea hapo, kadi uliyoilipia inakaa tu na gemu inachezwa na grafiki ndogo ya prosesa, kama ipo. Ikishawaka fungua Task Manager, upande wa kumbukumbu, usome kasi. RAM ya DDR5 iliyouzwa kama 6000 ikionyesha 4800, ujue hakuna aliyejishughulisha kuwasha XMP au EXPO, mpangilio wa kasi kamili ya RAM, kwenye BIOS. Ni kubonyeza mara moja, na ni ajabu mashine ngapi hufika zikiwa hivyo.

Kisha icheze saa mbili mfululizo gemu nzito kuliko zote ulizonazo, ndani ya zile siku za kurudisha, ukisikiliza feni na kutazama joto. Makasha yenye kioo mbele hupendeza dukani na hukosa hewa nyumbani. Mwisho kabisa nenda kwenye mipangilio ya skrini uibadilishe kutoka 60Hz iwe 144Hz. Windows huweza kuiacha kwenye 60 bila kukuambia, na najua mtu mzima, fundi wa siku nyingi, aliyecheza hivyo miezi minne akiwasifia wageni jinsi skrini yake ilivyo laini.